Majivu, Sabuni na "Dawa": Historia ya Usafi wa Nyumba na Msamiati Wake Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vitu vinavyotumika kusafishia nyumba jijini Kampala, tangu majivu na nyasi za kutandika hadi klorini na sabuni za maji zinazochanganywa mitaani, kwa kuchunguza vitu vyenyewe pamoja na majina yake. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa sasa kuhusu bidhaa zenye kemikali hafifu umejengwa juu ya utengano usio sahihi kati ya kilicho cha asili na kilicho cha kiwandani. Hatari iliyo kubwa zaidi imejificha katika neno moja, dawa (kwa Kiganda eddagala), linalobeba kwa pamoja kiponyacho na kiuacho. Makala yanawalenga watafiti wa lugha na washauri wa sera wanaoshughulikia kanuni za lebo katika Afrika ya Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, bidhaa za usafi hupangwa hadi mlangoni: miche ya sabuni, unga wa kufulia katika vifuko vya gramu chache, chupa za klorini, makopo ya kostiki soda, na madumu ya malighafi nzito inayonunuliwa na watengenezaji wadogo wa sabuni ya maji. Mnunuzi anaagiza kwa Kiganda, muuzaji anajibu kwa Kiganda kilichochanganywa na Kiswahili na Kiingereza, na maandishi kwenye chupa, pale yanapokuwapo, ni ya Kiingereza. Bidhaa hizo hufika nyumbani, na mara nyingi anayezitumia si yule aliyezinunua. Ni binti wa kazi aliyetoka wilayani, au mtoto aliyeambiwa asugue choo kabla ya kwenda shule.

Utafiti wa historia ya usafi barani Afrika umejishughulisha zaidi na sabuni kama chombo cha ukoloni na cha soko. Kazi ya Timothy Burke kuhusu Zimbabwe, Lifebuoy Men, Lux Women (1996), ndiyo iliyofungua njia hiyo, na kwa upande wa Uganda, Grace Bantebya Kyomuhendo na Marjorie Keniston McIntosh wameonyesha katika Women, Work and Domestic Virtue in Uganda (2006) jinsi sifa ya mwanamke mwema ilivyofungamanishwa na kazi za nyumbani. Lililopewa nafasi ndogo ni msamiati. Haliwezi kuwa jambo dogo, kwa sababu katika nyumba ambamo lebo haisomwi, jina la kitu ndilo onyo pekee alilo nalo mtumiaji.

2.0 Nyumba kabla ya sabuni

Usafi wa nyumba katika Buganda ya karne ya 19 ulikuwa na zana zake kamili, na kila zana ilikuwa na jina. Ufagio ni olweyo, na kitenzi chake ni okwera, kufagia. Sifongo la kusugulia, liwe la dodoki au la nyuzi za mgomba, ni ekyangwe. Majivu ya jikoni ni evvu. Sakafu ya udongo iliyopondwa ilitandikwa nyasi, na nyasi iliyothaminiwa zaidi ilikuwa etteete, jamaa ya mchaichai, ambayo harufu yake hujaza chumba kila inapokanyagwa. Nyasi zilipochakaa ziliondolewa na mpya kuletwa. Kwa maneno mengine, nyumba haikusafishwa kwa kuoshwa bali kwa kubadilishiwa tandiko. Desturi hiyo imehifadhiwa katika nyumba za heshima kama Muzibu Azaala Mpanga huko Kasubi, ambayo iliungua 16 Machi 2010 na kujengwa upya.

Majivu yanastahili kutazamwa kwa makini kwa kuwa ndiyo yanayotajwa sana leo na watetezi wa usafi wa asili. Kampala ni mji wa matoke, na ganda la ndizi ni miongoni mwa taka nyingi zaidi za masoko yake, kuanzia Kalerwe hadi Nakasero. Ganda hilo lina potasiamu kwa wingi. Likichomwa na majivu yake kulowekwa, maji yanayochujwa huwa na kabonati ya potasiamu. Magadi hayo ya majimaji hulainisha mafuta yaliyoganda sufuriani na, yakichemshwa na mafuta kwa muda wa kutosha, hutoa sabuni laini nyeusi. Hakuna muujiza hapo. Ni kemia ileile ya kiwandani ikifanywa kwa chungu. Na kwa kuwa ni kemia ileile, maji ya majivu yaliyokolea huchubua ngozi na kuunguza jicho kama yafanyavyo magadi ya dukani. Anayesema majivu hayana kemikali anasema jambo lisilo kweli, ingawa nia yake ni njema.

Vilevile sakafu ya udongo haikuwa na usalama unaodhaniwa. Kusiriba kwa samadi ya ng'ombe kulizuia vumbi, lakini samadi ni samadi. Funza walipoenea Uganda katika miaka ya 1890, sakafu za vumbi ndizo zilizowalea, na Kiganda kikawa na envunza, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua bila mkalimani. Hoja ya kwamba wahenga waliishi salama kwa sababu hawakuwa na viwanda haisimami mbele ya funza.

3.0 Sabuni na jina lake

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika kasri la Kabaka Suuna II mwaka 1844. Katika miongo iliyofuata, hasa chini ya Muteesa I (1856–1884), bidhaa za pwani zilipanda Buganda pamoja na majina yake. Sufuria ikawa sseffuliya, sahani ikawa essowaani, na sabuni, neno ambalo Kiswahili chenyewe kilikuwa kimelipokea kutoka Kiarabu, ikawa ssabbuuni. Kiganda kiliyameza maneno hayo kwa kukaza konsonanti zake hata wasemaji wengi wa leo hawashuku kwamba ni ya kuja.

Kuna jozi nyingine inayovutia. Kiswahili husema mche wa sabuni kwa ule mrefu unaokatwa vipande, na Kiganda husema omuti gwa ssabbuuni. Lugha zote mbili zimeona katika sabuni ya kufulia kitu cha jamii ya mimea: kinakatwa kama muwa, kinauzwa kwa kipande. Si lazima kudai kwamba moja imeiga nyingine. Inatosha kuona kwamba sabuni ya mche ilizoeleka kama kitu cha kushikwa, kukatwa na kupimwa kwa jicho. Haikuhitaji maelekezo. Ubaya wake, pale ilipokuwa na magadi yaliyozidi, ulijulikana mara moja na viganja vya mfuaji. Historia iliyofuata ni ya bidhaa ambazo mkono hauwezi kuzipima.

4.0 Usafi kama amri

Serikali ya kikoloni ilileta usafi kama kanuni. Tauni, ambayo Kiganda kinaiita kawumpuli, ilikuwa imeitia hofu Kampala mwanzoni mwa karne ya 20, na Profesa W. J. Simpson alipotumwa kuchunguza hali ya afya katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, Uganda na Zanzibar, ripoti yake ya mwaka 1914 ilipendekeza miji itengwe kwa rangi za watu. Uchafu ukawa sifa ya mtaa na ya mwenyeji wake. Wakati huohuo shule za misheni, Gayaza ikiwa ya mwaka 1905, zilifundisha wasichana ufuaji, upigaji pasi na upangaji wa nyumba, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia vilabu vya wanawake viliyapeleka mafunzo hayo vijijini.

Sabuni ilipatikana zaidi kadiri zao la pamba lilivyokua. Pamba iliyoanza kugawiwa wakulima mwaka 1903 ilizaa mbegu, na mbegu hukamuliwa mafuta yanayofaa kupikia na kutengenezea sabuni. Wenye viwanda wa Kihindi, akina Madhvani wa Kakira wakiwa mashuhuri kati yao, walijenga juu ya msingi huo. Kutoka Nairobi zikaja bidhaa za East Africa Industries, tawi la Unilever, na Omo ikawa jina la kila unga wa kufulia, kama Vim ilivyokuwa jina la kila unga wa kusugulia na Jik jina la kila klorini. Mpaka leo mteja wa Kampala huomba "Omo" na kukabidhiwa chapa nyingine bila ubishi. Majina ya biashara yaligeuka nomino za kawaida. Hayakueleza kilichomo.

5.0 Miaka ya uhaba

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Viwanda na maduka yaligawiwa watu ambao wengi hawakuwa na uzoefu wa kuyaendesha, vipuri havikuja, pamba ikaporomoka, na sabuni, pamoja na sukari na chumvi, ikaingia katika orodha ya bidhaa muhimu zilizogawiwa kwa vibali. Kiswahili, ambacho mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, kilitoa maneno mawili yaliyobaki katika kumbukumbu ya enzi hiyo. La kwanza ni magendo. La pili ni mafuta mingi, jina la tajiri mpya aliyenufaika na ugawaji. Sarufi ya jina hilo imevunjika, na waliolitumia hawakujali. Katika mji ambamo mafuta ya kupikia na ya sabuni yalikuwa adimu, kumwita mtu mafuta mingi kulitosha kueleza kila kitu.

Kaya za Kampala zilirudi nyuma ya sabuni. Majani ya mpapai yalipondwa na kufulia nguo kwa sababu yana saponini, viini vinavyotoa povu. Majivu yalirudi kwenye sufuria. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayependekeza leo kwamba kaya za mijini zirudie mbinu za kale. Kwa wazee wa Kampala, majivu na majani ya mpapai si alama ya maisha safi ya zamani. Ni alama ya dhiki, ya foleni na ya aibu ya kumvalisha mtoto shati lisilotakata. Kampeni inayowasifia majivu bila kuijua historia hiyo itapokewa kwa adabu na kuachwa mlangoni.

Uzalishaji ulipofufuka katika miaka ya 1980, kampuni ya Mukwano, iliyochukua jina la utani la mwasisi wake Amirali Karmali, ilikuwa miongoni mwa walioirudisha sabuni ya mche kila kibandani. Mukwano kwa Kiganda ni rafiki. Baada ya miongo ya kibali na foleni, sabuni iliyoitwa rafiki haikuhitaji tangazo refu. Mafuta yake na ya washindani wake baadaye yalitegemea zaidi michikichi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashamba makubwa ya michikichi yalianzishwa katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, ambako msitu ulikatwa ili kuyapisha. Sabuni ya mche huoza kwa urahisi majini na haina sumu ya kutisha. Hata hivyo gharama yake kwa mazingira ipo, imehamishiwa kisiwani.

6.0 Dawa

Hapa ndipo historia ya vitu na historia ya maneno zinapokutana kwa madhara. Kiswahili kilipokea dawa kutoka Kiarabu kwa maana ya kitibucho. Kiganda kina eddagala, ambalo shina lake ni lilelile la olulagala, jani la mgomba, na amalagala, majani na mashina ya viazi vitamu. Asili ya eddagala basi ni jani, na eddagala ly'Ekiganda hadi leo ni mitishamba. Bidhaa za kuua wadudu zilipokuja, lugha zote mbili zilizipa jina hilohilo. Dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya choo, dawa ya meno: tano hizi kwa msemaji wa Kiswahili ni aina za kitu kimoja, na tofauti inabebwa na nomino inayofuata peke yake. Sumu, au obutwa kwa Kiganda, ilibaki neno la kosa la jinai, la mtu aliyemwekea mwenzake kitu katika chakula. Kuiita chupa ya dukani sumu ni karibu na kumshutumu muuzaji.

Matokeo yake yanaonekana katika historia ya DDT. Dawa hiyo ilinyunyizwa Kigezi katika majaribio ya kupambana na malaria mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikarudi tena mwaka 2008 katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa nchi. Safari hii wauzaji wa pamba na mazao ya kilimo hai walikwenda mahakamani kwa kuhofia kupoteza soko la nje, na unyunyizaji ukasitishwa. Mkataba wa Stockholm wa 2001 unaruhusu DDT kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu. Ukiacha ubishi wa kisayansi, ambao una hoja nzito pande zote mbili, kuna jambo la lugha lisilopewa uzito: mwananchi aliyefunguliwa mlango aliambiwa kwamba imeletwa dawa. Neno hilo lilikuwa limeshampa jibu kabla hajauliza swali.

Nyumbani mjini hali ni ya kila siku. Mafuta ya taa, yanayochanganywa na nta ya mishumaa kung'arishia sakafu ya saruji, huhifadhiwa katika chupa ya soda. Viuatilifu vya shambani, vinavyouzwa kwa wakulima katika maduka ya Container Village, humiminwa katika kichupa na kupelekwa chumbani kuua kunguni. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti, na neno analolisikia kwa mama, dawa, ndilo analolisikia pia anapopewa kijiko cha sharubati ya kikohozi. Mafuta ya taa na viuatilifu vimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa visababishi vikuu vya sumu kwa watoto wanaopokewa hospitalini mjini. Ushauri wa kitabibu kwa aliyekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza ni kwamba asitapishwe, kwa kuwa kinachopanda huunguza koo mara ya pili au kuingia mapafuni. Asitapishwe ni neno moja la Kiswahili. Halijaandikwa kwenye chupa ya soda.

Tanzania imelishughulikia jambo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Sheria yake ya mwaka 2003 inajulikana kwa Kiswahili kama Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa kuweka majumbani kando ya viwandani, jina hilo linamwambia msomaji kwamba kitu kilicho chini ya karo la jikoni ni cha ukoo mmoja na kilicho kiwandani. Ni istilahi ya watungasheria, bado haijashuka sokoni. Lakini ipo, na ni ya Kiswahili.

7.0 Klorini na hesabu yake

Hakuna bidhaa iliyopata heshima Kampala kama klorini. Kipindupindu kiliijenga heshima hiyo, Ebola ya Gulu ya 2000–2001 iliyomuua Dkt. Matthew Lukwiya ikaithibitisha, na COVID-19, ambayo kisa chake cha kwanza Uganda kilitangazwa 21 Machi 2020, iliifikisha kila lango. Ebola ya mwaka 2022, iliyoanzia Mubende na kufika jijini, na ile ya Januari 2025 zilikuta mapipa ya maji ya klorini yakiwa bado milangoni mwa ofisi nyingi.

Klorini huokoa maisha, na haifai kupuuzwa kwa jina la usafi wa asili. Tatizo lake ni hesabu. Klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu 6 za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, unaofaa kwa damu, matapishi na sehemu zilizochafuliwa na mgonjwa. Ili kupata asilimia 0.05, iliyotumika kunawia mikono wakati wa milipuko, sehemu moja huhitaji sehemu 69. Kati ya 6 na 69 kuna tofauti kubwa, na kaya nyingi hazina chombo cha kupimia wala maelekezo yanayosomeka. Kipimo kinachotumika ni pua: harufu ikiwa kali, kazi imefanyika. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba watu wasinyunyiziwe viuavijidudu mwilini, wakati ambapo vibanda vya kunyunyizia vilikuwa vimekwisha kuonekana katika miji mingi ya dunia.

Kuna hatari nyingine. Klorini ikikutana na kisafishio cha choo chenye asidi hutoa gesi ya klorini, na hata siki au limau, vipenzi vya usafi wa asili, vinaweza kufanya hivyo. Mkojo uliokaa una amonia, na klorini juu yake hutoa gesi nyingine inayowasha mapafu. Msafishaji wa choo cha shimo aliyefungiwa katika chumba chembamba hukohoa na kudhani kwamba dawa inafanya kazi.

8.0 Sabuni ya maji

Katika miongo miwili iliyopita kundi jipya la watengenezaji limeibuka: vikundi vya akiba vya wanawake, vijana waliomaliza shule, wajane wanaofundishwa ufundi kanisani au msikitini. Mtaji ni mdogo na soko lipo. Mapishi ni karibu yaleyale kila mahali: asidi ya salfoniki, kile ambacho wauzaji hukiita ungaroli, kostiki soda au magadi soda, chumvi, rangi na manukato. Bidhaa huwekwa katika chupa zilizotumika za maji ya kunywa.

Inasifiwa kama sabuni ya nyumbani, na wanunuzi wengine huichagua wakiamini kwamba iliyotengenezwa na jirani ina kemikali chache kuliko ya kiwandani. Ukweli ni kinyume kidogo. Viungo ni vilevile vya kiwandani, isipokuwa mizani. Asidi isipopozwa kwa kiasi sahihi cha magadi, mchanganyiko hubaki na uchachu unaochubua viganja. Magadi yakizidi, huunguza. Baadhi ya mapishi yanayofundishwa katika kanda hii huongeza formalini ili sabuni isiharibike. Na uzito wa sabuni, ambao mnunuzi huupima kwa kuinamisha chupa, hutokana zaidi na chumvi. Chumvi huikaza ungaroli hata ikawa nzito kama uji, pasipo kuongeza nguvu yake ya kuondoa mafuta. Lugha ya soko inasema nzito ndiyo kali. Kemia haisemi hivyo.

Haifuati kwamba kazi hii ipigwe marufuku. Shirika la Viwango la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, linataka bidhaa za aina hii zipimwe na kubeba alama yake, lakini gharama na safari ya kuipata alama hiyo ni kubwa kwa kikundi kinachotengeneza lita 40 kwa juma. Kinachokosekana kati ya mtengenezaji na maabara ni vitu vya bei ndogo: karatasi ya kupimia uchachu, mizani ya jikoni na mwongozo wa ukurasa mmoja katika lugha anayoisoma. Kuchunguza vikundi hivyo kama wahalifu kutawarudisha gizani, ambako hakuna anayepima chochote.

Maji yanayomwagwa yana safari yake. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya katikati ya jiji na kuyapeleka katika kinamasi cha jina hilo, kisha Ghuba ya Murchison, si mbali na pale ambapo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya mji huohuo. Utafiti wa Lucy Emerton na wenzake wa mwaka 1999 ulionyesha kwa fedha thamani ya kinamasi hicho kama kichujio, na umekuwa ukinukuliwa duniani kote, huku chenyewe kikiendelea kuliwa na mashamba ya magimbi na majengo. Fosfeti za sabuni za unga si chanzo kikuu cha uchafuzi wa ghuba. Vinyesi na maji ya viwanda vinazidi. Lakini ni sehemu ambayo kaya inaweza kuipunguza kwa uamuzi wa dukani, na ujenzi wa mtambo mpya wa maji huko Katosi, mbali na ghuba, ulitokana kwa sehemu na hali hiyo.

9.0 Lebo, na lugha yake

Katiba ya Uganda ya 1995, kwa marekebisho ya 2005, inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili itakayotumika katika mazingira yatakayowekwa na sheria ya Bunge, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjadala wa utekelezaji umejikita darasani na bungeni. Lebo ya chupa haijatajwa sana, ingawa ni mahali ambapo lugha rasmi ingegusa uhai wa mtu moja kwa moja.

Pingamizi linajulikana: Kampala inazungumza Kiganda, na Kiswahili hapa kina kumbukumbu ya bunduki. Kabaka Daudi Chwa alikipinga tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na enzi ya Amin haikukisaidia. Pingamizi hilo ni la haki na halijibiwi kwa hotuba za umoja wa kikanda. Linajibiwa kwa kuangalia njia za bidhaa. Chupa iliyojazwa Nairobi inauzwa Kampala, Kigali na Bunia. Mtengenezaji hatachapa lebo kwa kila lugha ya mama iliyo njiani, lakini anaweza kuchapa kwa lugha mbili. Kiganda kina nafasi yake katika bidhaa zinazotengenezwa na kuuzwa ndani ya mji. Mfumo wa alama za hatari wa Umoja wa Mataifa, uliochapishwa kwa mara ya kwanza 2003, unasaidia, ingawa picha ya mkono unaoliwa na tone la asidi inaweza kueleweka na asiyefundishwa kuwa ni mkono unaonawishwa.

Kuhusu maneno yenyewe, historia iliyoelezwa hapo juu inaelekeza kwenye uchaguzi mahususi. Neno dawa liachwe kwa bidhaa za tiba. Bidhaa za kusafishia ziitwe visafishio na za kuua wadudu viuawadudu, maneno yaliyokwisha kuzoeleka kwa wasomaji wa Kiswahili. Onyo liandikwe kwa kitenzi, si kwa nomino: usichanganye na kisafishio kingine, aliyekunywa asitapishwe, fungua dirisha. Kipimo kitajwe kwa chombo kilichomo nyumbani. Ndoo ya lita 20 inafahamika Kampala nzima, na maelekezo ya klorini yanayosema nusu kikombe kwa ndoo yatafuatwa kuliko yale yanayosema asilimia. Maneno "bila kemikali" yakataliwe katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni ya uongo kwa majivu kama yalivyo ya uongo kwa sabuni.

Zinabaki chupa zisizo na lebo kabisa, zile za soda na za maji zinazojazwa upya kila siku, na kanuni ya lebo haizifikii. Anayezijaza ni muuzaji wa rejareja aliyesimama mbele ya mteja wake, naye husema neno moja au mawili anapokabidhi. Vyama vya wafanyabiashara wa Kikuubo na wa masoko ya mitaa vipo na vina viongozi wanaosikilizwa. Hapo ndipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wataalamu wa Kiganda na Shirika la Viwango wangeweza kuanza, kwa kukubaliana na wauzaji ni neno gani litasemwa mkono unapokabidhi chupa, na ni kifuniko cha rangi gani kitakachoiziba.